Pafu la Witness Liko Kitaluni

Felista hakuwa mtu wa kuamini kitu asichokishika. Mchungaji akihubiri habari za mbinguni, yeye alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, lakini ukimtazama vizuri ungeona macho yako dirishani, yanatafuta mvua inatokea upande gani. Ukimsifia mbegu mpya, aliuliza, "Umeiona wapi ikizaa?" Ukimwambia fulani kapona kwa maombi, aliuliza, "Kwani alikuwa anaumwa nini?" Kwa hiyo wale wanaomcheka leo pale kijijini Ihanda, Mbozi, eti alidanganyika kama mtoto mdogo, wanamwonea. Kilichomponza ni kazi yake, na kazi hiyo aliijua kuliko wote wanaomcheka.

Alikuwa mtunza kitalu cha miche ya kahawa. Kitalu cha kikundi, nyuma ya ghala la zamani, chini ya chanja la majani linalozuia jua. Pale miche haioteshwi kwa mbegu. Mkulima mwenye mti mzuri, uliosimama wakati mingine yote imepigwa na ugonjwa wa chulebuni, analeta matawi yake mabichi. Felista anayakata pingili fupi kwa mkasi, kila pingili na jani lake lililopunguzwa nusu, anazichomeka kwenye mchanga ndani ya sanduku, anafunika na nailoni, anabaki kunyunyizia maji na kusubiri. Zikitoa mizizi anazihamishia kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vyenye udongo, zikomae. Mvua zikianza, mkulima anakuja kuchukua miche yake.

Kuhusu hilo la mwisho hapakuwa na majadiliano. Tawi likitoka kwa Ambilikile, mche unarudi kwa Ambilikile. Hakuna aliyewahi kuuliza mche wangu utakwenda wapi, maana swali hilo lingekuwa matusi kwa mwenye kitalu. Na mkulima naye alikuwa na wajibu wake. Alitakiwa awe amechimba shimo mapema, amechanganya samadi, ameliacha wazi linasubiri. Anayepachika maharage ndani ya shimo la kahawa, kama Ambilikile alivyofanya mwaka mmoja, Felista alimnyima mche hadharani, na kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Felista na mumewe Jastin walijaliwa mtoto mmoja tu aliyekua, Witness. Jastin alikuwa mpakiaji wa mahindi kwenye maghala ya Tunduma, mtu wa kurudi nyumbani Jumapili akiwa mweupe kwa vumbi la pumba. Witness aliugua surua akiwa mdogo, surua ikashuka kifuani, na tangu hapo kifua hakikumwacha. Alikohoa darasani mpaka walimu wakamhamishia kiti karibu na mlango. Mara mbili alipewa dawa za kifua kikuu ambacho hakuwa nacho. Alikuwa na sauti ya kwanza nzuri kwenye kwaya ya kanisa, ila katikati ya wimbo ilimlazimu atoke nje, akainame nyuma ya kanisa ateme makohozi, kisha arudi akidakia ubeti wa mwisho. Watu walizoea. Mtu huzoea hata mambo ambayo hayafai kuzoeleka.

Alipofika umri wa kuolewa, akaanza kutema damu. Wakamfikisha hospitali kubwa Dar es Salaam, na daktari wa upasuaji akawaeleza kwamba sehemu ya chini ya pafu la kushoto imeshaharibika kabisa, imekuwa kama sifongo lililooza, na kila mafua yanayopita yanaenda kulala humo. Waitoe. Wakakubali.

Hapo ndipo alipoingia Nuria. Alikuwa msichana aliyejifunga ushungi wa kijani, mwenye koti jeupe, mcheshi, na aliposikia wametokea Mbozi aliruka kama aliyeona ndugu. "Mimi wa Tunduma, mama! Mzee Abdulwahab mwenye malori ndiye baba yangu." Jastin alimfahamu mzee huyo, alishapakia malori yake. Basi wakawa watu wa nyumbani.

Nuria hakuwa daktari wa kutibu. Alifanya kazi maabara, kwenye utafiti wa virusi vya mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa. Alimweleza Witness mwenyewe, maana alikuwa mtu mzima, na mama yake akiwa amekaa pembeni. Kipande kitakachotolewa kwa kawaida kinachomwa moto. Wangeomba sehemu yake ndogo, ile ambayo bado ina uhai, waioteshe. Dawa nyingi, alisema, zinajaribiwa kwa panya na zinaonekana zimefaa, zikija kwa binadamu hazifanyi kitu, kwa sababu pafu la panya si pafu la mtu. Wao wangeambukiza kile kitakachoota, kisha wakiwekee dawa waone.

"Chukueni tu," Witness alisema. "Mimi limenitesa vya kutosha."

Felista naye hakuona ubaya. Kitu cha kuchomwa moto hakina mwenyewe.

Upasuaji ukaenda vizuri. Kabla ya kuwaruhusu, daktari alimpa Witness maputo, haya haya ya sherehe za watoto, akamwambia ayapulize kila siku, asubuhi na jioni, hata kama kovu linavuta. Akifanya hivyo, pafu lililobaki litatanuka lijaze nafasi iliyoachwa, na makohozi yatatoka badala ya kutuama. Asiache. Na arudi kliniki.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mizuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo. Nasema hivyo nikijua kilichokuja baadaye, na bado nasema. Witness alilala chali usiku kucha kama watu wengine. Nyumba ilijaa maputo mekundu na ya manjano, yanabingirika chini ya viti, kuku wanayakimbia. Jastin akirudi Jumapili alishindana na binti yake kupuliza, akashindwa makusudi, akajitupa chini akijifanya amezimia, na Witness akacheka bila kukohoa. Felista alisimama mlangoni na sufuria mkononi akisikiliza kicheko kile hadi mwisho wake.

Idd ikafika. Nuria alikuja Tunduma kwa likizo, na kwa kuwa alikuwa binti mwenye utu, akapita Ihanda kuwasalimia, na kopo la biskuti mkononi. Waliketi kitaluni, maana Felista alikuwa kazini. Nuria akatoa simu.

"Shikamoo tena, mama. Njoo uone kitu."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha inayotembea, kitu cha rangi ya waridi iliyofifia, kimejaa vinywele vidogo, na vinywele vyote vinapunga kwa pamoja, vinalala na kuinuka, kama shamba la ngano upepo ukipita.

"Nini hiki?"

"Hicho ni cha Witness. Tumekiotesha wenyewe. Chini tumekiwekea maji yenye chakula chake, juu tumekiachia hewa, kama kilivyokuwa kifuani. Hivyo vinywele ndivyo vinavyosukuma makohozi. Kiko hai, mama."

Felista aliinua macho, akayatazama masanduku yake ya mchanga. Chini maji, juu nailoni na hewa ya unyevunyevu. Kipande kidogo kilichokatwa kwenye mti mzima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtu msomi alikuwa anamweleza jambo nalo lilikuwa jambo lake.

"Kumbe mnaotesha," akasema. "Mmekata pingili."

"Eeh!" Nuria akapiga makofi. "Tena sijui kwa nini sikuwahi kuwaza hivyo. Ni pingili kabisa!"

"Basi Witness ndiye mti mama."

"Witness ndiye mti mama."

"Na ugonjwa mnaupulizia, muone miche ipi itasimama."

"Tunapulizia mafua, tunaweka dawa, tunaangalia. Mama, wewe ungekuja kutufundishia wanafunzi wetu. Kile ni kitalu. Kuanzia leo nitawaambia wenzangu tunafanya kazi kitaluni."

"Kinachukua muda gani kukomaa?"

"Kama mwezi hivi kinakuwa kimekomaa vizuri."

Felista akatikisa kichwa taratibu. Mwezi ni wa mizizi tu, alijisemea. Baada ya hapo kuna kiriba. Hakuuliza zaidi. Kila walichosema siku ile kilikuwa kweli tupu, na mpaka leo sijui ningemlaumu nani kati yao. Yule binti alifurahi kupata mfano mzuri, akaukumbatia, hakukumbuka kutazama unaishia wapi. Na huyu mama hakuuliza lile swali la mwisho kwa sababu kitaluni haliulizwi.

Kesho yake asubuhi Witness alikaa kizingitini akipuliza puto jekundu. Felista alikuwa anafagia uwanja. Akasimama. Maneno ya daktari wa upasuaji yakamrudia, kwamba pafu lililobaki litatanuka lijaze nafasi. Lijaze nafasi! Na linalooteshwa likija litakaa wapi? Akilini alimwona Ambilikile na maharage yake ndani ya shimo la kahawa.

"Hebu acha kwanza hiyo."

"Si daktari alisema..."

"Daktari alisema kabla hawajaotesha. Leta."

Witness akampa. Hakubisha, kwa sababu kovu lilikuwa linamuuma kila akipuliza, na kwa sababu mama yake alijua mambo ya kuotesha. Felista akakusanya maputo yote, yaliyojaa akayatoboa kwa mkasi wa kitaluni, mapya akayafungia kwenye kopo la biskuti la Nuria na kuliweka juu ya kabati. Alifanya hivyo kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia, kwamba alikuwa anaimba.

Jastin aliporudi Jumapili akauliza maputo yako wapi. Akaelezwa. Akakuna kichwa. "Mambo ya kuotesha ni yako, mke wangu. Mimi yangu ni magunia." Jumatatu ghalani Tunduma aliwaambia wapakiaji wenzake kwamba binti yake anaoteshewa pafu jipya Dar es Salaam. Dereva mmoja wa ng'ambo ya mpaka alimshika mkono kwa nguvu, akampongeza kwa lugha ya kwao, "Bwino sana, mzee." Witness naye akawaambia wanakwaya wamwekee nafasi yake ya sauti ya kwanza. Kliniki hawakwenda. Safari ya Dar si mchezo, na ya nini kwenda mara mbili, wakati wangeitwa siku ya kupandikizwa wakamaliza yote kwa pamoja.

Mvua za mwaka zikaanza. Wakulima wakaja na mikokoteni na baiskeli, wakachukua miche yao, kitalu kikabaki kitupu. Nuria hakupiga. Felista naye hakupiga. Wapo wakulima wanaokuja kila siku kufunua nailoni wachungulie mizizi, na miche yao ndiyo inayooza kuliko ya wengine. Hakutaka kuwa mkulima wa namna hiyo.

Kikohozi kilirudi kwanza kwa adabu, asubuhi tu. Halafu kikahamia usiku. Witness akaanza tena kulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Makohozi yalijaa, yakawa na harufu. Zahanati wakampa vidonge, vikasaidia kidogo, vikaacha kusaidia. Felista alikuwa na maelezo ya hilo pia. Shimo lililo wazi, mvua ikinyesha, lazima lituamishe maji. Ni usumbufu, lakini mkulima mwenye akili halifukii kwa sababu hiyo. Anavumilia. "Vumilia mwanangu," alimwambia. "Limekawia, lakini litakuwa limekomaa vizuri." Na Witness, ambaye sasa hakuweza kubeba ndoo kutoka bombani mpaka mlangoni, alivumilia.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake, ule upepo mkavu wa Mbozi unaopasua midomo. Idd kubwa ikafika. Felista akachoka kungoja. Akamkamata jogoo wake mkubwa, akamfunga miguu. Alimpeleka akiwa mzima, ili wale wamchinje wenyewe inavyowapasa, akaenda Tunduma nyumbani kwa mzee Abdulwahab.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Watoto wenye nguo mpya, mafua puani, wanapokezana kikombe kimoja cha sharubati. Mji mzima ulikuwa unakohoa siku hizo, madereva, wabadilisha fedha, polisi wa geti la mpakani. Nuria alimpokea kwa kumkumbatia, akamkalisha ukumbi wa ndani, akamletea pilau. Felista hakuligusa.

"Mwanangu, nimekuja kuuliza siku."

"Siku ya nini, mama?"

"Ya kulichukua. Au mtalileta nyinyi? Mimi niko tayari hata kesho. Nafasi nimeitunza."

Nuria alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la mtu anayesubiri sentensi imalizike ndipo aelewe. "Kuchukua nini?"

"Pafu la Witness."

Ukumbini kulikuwa na kelele, lakini Felista anasema hakusikia kelele yoyote. Aliona uso wa yule binti ukibadilika polepole, kuanzia macho. Nuria aliweka sahani chini.

"Mama. Vile vipande ni vidogo. Kikubwa kuliko vyote ni kama punje ya ulezi."

"Najua ni vidogo. Pingili nayo ni ndogo."

"Havikui vikawa pafu, mama. Vinaishia pale pale. Hatujui kuviotesha viwe pafu zima tukampandikiza mtu. Si sisi tu. Hakuna anayeweza, popote."

"Ulisema ni kitalu."

"Nilisema."

"Mimi nikasema Witness ndiye mti mama, ukakubali."

"Nilikubali." Nuria alishaanza kulia.

"Sasa kitalu gani hakina shamba?"

Binti alimshika mikono yote miwili, akaomba radhi, akaeleza kwa kwikwi kwamba ile kazi ina faida, kwamba kuna dawa wanayoijaribu, kwamba siku moja itawasaidia wagonjwa kama Witness. Felista akauliza siku moja ni lini. Nuria, ambaye hakutaka kukosea tena, akasema ukweli: miaka mingi, na huenda isifike kabisa.

Kisha akajifuta macho, akauliza kwa sauti ya hospitali, "Lakini anaendeleaje? Maputo anapuliza?"

Felista alimtazama. Hakuwa mwongo. Mtu aliyewafokea wakulima miaka yote kwa sababu ya mashimo yao angewezaje kukiri kwamba maputo aliyafungia mwenyewe, tena ndani ya nyumba ya watu, siku ya sikukuu?

"Anapuliza," akajibu.

"Alhamdulillah. Hilo ndilo la maana kuliko yote. Asiache, na mumrudishe kliniki kabla baridi haijakolea zaidi."

Alirudi Ihanda akiwa ameinamisha kichwa, anapiga chafya. Alipofika hakuvua hata kanga ya safari. Akalishusha kopo la biskuti, akakaa kitandani kwa Witness, akamweleza kila kitu, bila kujitetea.

Witness alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amekonda, macho makubwa.

"Kwa hiyo halikuwa langu?"

"Halikuwa la mtu yeyote."

"Mimi nilishawaambia kwaya."

"Najua."

"Sasa huko wanalifanyia nini?"

"Wanaliambukiza mafua. Kila mara."

Witness akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake wote. Alipopata pumzi akasema, "Masikini. Nikadhani lenyewe limepumzika."

Felista alifungua kopo, akatoa puto. Maputo yaliyokaa huwa magumu, yanashikana. Alilivuta na kulilainisha kwa vidole, akampa. Witness akajaribu. Puto likatikisika kidogo mdomoni, likainua shingo yake, likalala. Akajaribu tena. Felista akachukua la pili akaanza kupuliza yeye, kumwonyesha, kana kwamba tatizo lilikuwa kutojua namna. La kwake likajaa, likawa kubwa, jekundu. Alilishikilia bila kujua alifanyie nini. Wakatazamana juu ya lile puto, na Felista akaanza kulia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na binti yake ndiye akawa wa kumbembeleza.

"Mama, tutafanya kidogo kidogo," alisema. "Kesho nitajaribu tena."

Kesho yake Felista aliamka na homa na mafua mazito. Jastin alirudi kutoka Tunduma naye anakohoa. Nani aliyaleta ndani ya nyumba ile, Mungu ndiye ajuaye, na mimi sitaki kulipeleleza. Wao wawili walipona kwa chai ya tangawizi na kulala. Yalipomfikia Witness, yalikuta nafasi yote ile.

Walimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Wauguzi walimhangaikia kwa moyo, walimwekea hewa, walimchoma sindano, hakuna aliyezembea. Siku za mwanzo alikuwa anamwashiria mama yake kwa vidole, amepuliza mara ngapi leo, kwa sababu alikuwa bado anajaribu, bila puto, kupuliza kiganjani. Baadaye akaacha kuashiria. Alikata roho asubuhi, uji ukiwa unagawiwa wodini, na mhudumu wa uji ambaye hakujua alimwekea kikombe chake kando ya kitanda.

Felista alimfuata daktari kwenye korido. Alimweleza kuhusu maputo, yote, na kopo la biskuti. Daktari alikuwa kijana, amechoka, na alikuwa mkweli.

"Angepuliza, angepona?"

"Huenda, mama. Na huenda isingesaidia. Kifua kile kilikuwa kibaya."

Alitaka kusikia ndiyo au hapana. Ndiyo ingemuua, hapana ingemwokoa. Akapewa huenda, na hiyo ndiyo anayoishi nayo.

Walimzika shambani, mwisho wa mistari ya kahawa. Kwaya iliimba, na upande wa sauti ya kwanza waliacha nafasi yake wazi, kama walivyoahidi. Wakati vijana wanachimba, Tabita, mama yake Jastin, alimvuta Felista mkono aingie ndani asione. Felista alikataa. Alisimama pale pale akaangalia hadi walipomaliza, na walipouliza kama kina kinatosha akawaambia kinatosha.

Baada ya matanga alirudi kitaluni, kwa sababu kukaa nyumbani kulimshinda. Wanakikundi wanasema ni yule yule, kumbe si yeye. Mkulima akija na tawi, sasa anamuuliza maswali. Unataka nini? Unajua utapata nini? Shamba unalo? Anauliza mpaka watu wanakasirika. Na juu ya mashimo hamkaripii mtu tena. Ambilikile amepachika maharage katika shimo la kahawa mwaka huu, mbele ya macho yake, na Felista akampa mche bila neno.

Mvua za mwaka zilikuwa zimekaribia tena simu ilipoita. Felista alikuwa ameinama kwenye sanduku la mchanga, mkasi mkononi. Ilikuwa namba ya Nuria. Hakuna aliyempelekea taarifa ya msiba. Jastin alidhani mkewe amesema, na mkewe hakuwa na mdomo wa kusema, baada ya lile neno moja alilosema ukumbini.

"Mama, shikamoo! Mama, kaa chini, nina habari njema. Nimesubiri mpaka tuhakikishe ndiyo nikupigie, sitaki kukosea tena." Sauti ilikuwa inakimbia kwa furaha. "Ile dawa, mama. Tuliambukiza vipande vya Witness yale mafua makali ya mwaka huu, tukaweka dawa. Vimepona! Vinywele vinapunga kama mwanzo."

Felista aliweka mkasi juu ya mchanga.

"Vimepona?"

"Vimepona, mama. Najua ni kitu kidogo, najua si kama ulivyotarajia. Ila nilitaka nyinyi muwe wa kwanza kujua. Mwambie Witness. Mwambie vyake ndivyo vilivyosimama kuliko vya wagonjwa wote."

Binti akaita, haloo, haloo, akidhani mtandao umekatika.

"Nakusikia," Felista akasema. "Mwambie wewe mwenyewe, mwanangu. Aliyebaki ni huyo wa kwako. Wa huku tumeshamzika."